Si kila doa la jino ni la kutobolewa

Jino linapouma huna haja ya kuambiwa kwamba unaumwa. Unalijua ni lipi, unaligusagusa kwa ulimi, na ukifika kwa daktari wa meno unamwonyesha kwa kidole. Makala haya hayahusu jino la aina hiyo. Yanahusu meno yasiyokuuma, ambayo hukuwa na habari nayo hata kidogo, lakini unaambiwa ukiwa umelala chali kitini, taa ikikumulika usoni na mdomo umejaa pamba, kwamba matano yameoza, mawili yanahitaji kutibiwa mizizi na moja livishwe kofia.

Pengine ni kweli. Jino huweza kuoza kwa miezi mingi bila kuuma, na ndiyo sababu tunawahimiza watu wakaguliwe kabla ya maumivu kuanza. Lakini pengine si kweli, nawe huna njia rahisi ya kujua. Kinywa chako mwenyewe hukioni vizuri hata kwa kioo. Ukionyeshwa picha ya eksirei unaona vivuli tu. Na anayekuambia kwamba jino ni bovu ndiye huyo huyo atakayelipwa kulitengeneza, tena leo hii, kabla hujashuka kitini.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida. Nikishuku kwamba mgonjwa wangu ana mawe kwenye nyongo, ninamwandikia barua aende kwa daktari mpasuaji, na pesa za upasuaji hazinifikii. Daktari wa meno hukagua, hupiga picha, huisoma mwenyewe, huamua, kisha hutibu, yote katika chumba kimoja. Wengi wao hufanya hivyo kwa uaminifu. Ninaye mmoja ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akinirudisha nyumbani bila kunigusa na chochote ila kile kioo chake kidogo. Lakini mlango wa kishawishi uko wazi, na wapo wanaoupita.

Wala sisi tulio nje ya fani ya meno si malaika. Ni mara ngapi mkazi wa Nairobi ameingia kliniki akiwa na homa na uchovu, akatolewa damu ya kipimo cha Widal, akatoka na mfuko wa dawa za homa ya matumbo? Kipimo hicho huweza kuonyesha ugonjwa kwa mtu asiyekuwa nao, na kila daktari anajua. Tofauti iliyopo ni kwamba dawa hizo zikiisha mwili huendelea na kazi yake. Jino likishatobolewa limetobolewa.

Gamba lisiloota tena

Hebu tulitazame jino lenyewe. Sehemu ya nje inayong'aa huitwa enameli, nayo ndiyo kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu, kuliko hata mfupa. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini kiasi, na ndani kabisa kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Mfupa ukivunjika huunga na ngozi ikikatwa hufunga. Enameli ikiondolewa haioti tena.

Kuoza huanza hivi. Bakteria walio kwenye ukoga, ule utando unaonata juu ya meno, hula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha madini ya enameli kidogo kidogo. Kati ya mlo na mlo, mate huyarudisha madini hayo, na floraidi iliyo katika dawa ya meno husaidia sana kazi hiyo. Mvutano huu hutokea kinywani mwako kila siku. Anayekunywa chai yenye sukari mara sita kwa siku, na soda juu yake, huyanyima mate nafasi ya kufanya kazi.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi ni kwamba katika hatua za mwanzo, kunapokuwa na doa jeupe tu au kivuli chembamba kwenye eksirei na bado hakuna tundu, kuoza huko kunaweza kusimama, na hata kurudi nyuma. Kuoza kulikoishia ndani ya enameli kwa kawaida hakuhitaji kutobolewa. Kunahitaji dawa ya meno yenye floraidi, pengine floraidi nzito ya kupakwa na daktari, sukari ipunguzwe, na jino litazamwe tena baada ya miezi kadhaa. Kazi hiyo haina malipo makubwa. Kutoboa na kuziba ndiko kunakolipa.

Kuna pia madoa ambayo si kuoza hata kidogo. Mistari ya kahawia kwenye mifereji ya magego mara nyingi ni rangi ya chai tu. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye meno ya mbele ya mtu mzima ni za kawaida kama mikunjo ya uso. Na hapa kwetu kuna lile doa la maji. Watu wengi waliokulia Bonde la Ufa, na penginepo palipochimbwa visima virefu, wana meno ya rangi ya kahawia kwa sababu maji waliyokunywa utotoni yalikuwa na floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji, na visima vingi vya Bonde la Ufa huzidi kipimo hicho. Meno ya namna hiyo humtia mtu haya anapocheka, na kuna njia za kuyapendezesha kwa anayetaka na mwenye uwezo. Mengine huathirika sana hata yakamomonyoka, na hayo huhitaji matibabu. Lakini rangi peke yake si ugonjwa. Mtu akiambiwa kwamba meno yake yote ya mbele yameoza kwa sababu tu alikulia Nakuru au Naivasha, anadanganywa.

Wagonjwa huniuliza, "Daktari, si bora lizibwe tu, kwa usalama?" La. Kiziba cha jino hakidumu milele. Baada ya miaka kadhaa, kumi hivi kwa wengi, huachia pembeni, bakteria wakaingia chini yake, na daktari anapokitoa hulazimika kukwangua zaidi. Kiziba cha pili huwa kikubwa kuliko cha kwanza. Cha tatu hufika karibu na kiini. Baada ya hapo ni kutibu mzizi, kisha kofia, kisha koleo. Msichana wa miaka 20 anayezibwa jino lisilohitaji kuzibwa ameanzishiwa safari hiyo mapema kwa bure, na atailipia mpaka uzeeni.

Mgonjwa mmoja, madaktari 180

Utauliza kama kuna ushahidi, au ni maneno ya mitaani tu. Ushahidi upo, ingawa mwingi unatoka nje.

Mwaka 1997 jarida la Reader's Digest, ambalo wasomaji wengi wa hapa wanalikumbuka, lilichapisha taarifa ya mwandishi mmoja wa Marekani aliyezunguka kwa madaktari wa meno 50 katika majimbo 28. Kinywa kilikuwa kimoja, na picha za eksirei alizibeba mwenyewe. Makadirio aliyopewa ya gharama za matibabu yalitoka dola 500 hivi hadi karibu dola 30,000. Madaktari wa meno walilalamika kwamba huo haukuwa utafiti wa kisayansi, na walikuwa na haki ya kusema hivyo.

Basi chukua ule wa Uswisi, uliofanywa na wanauchumi na kuchapishwa mwaka 2020. Walimtafuta mgonjwa mmoja ambaye kuoza kwake kulikuwa juu juu tu, ndani ya enameli, na ikathibitishwa kwanza kwamba hakuhitaji kuzibwa jino lolote. Wakampeleka kwa madaktari wa meno 180 mjini Zurich, bila wao kujua kwamba wanajaribiwa. Asilimia 28 walipendekeza azibwe. Jambo lililonivutia zaidi ni lile la foleni: madaktari waliokuwa na nafasi ya karibu, wasio na wagonjwa wengi wanaongoja, ndio waliokuwa wepesi zaidi wa kuona matundu. Huko ni Uswisi, nchi tajiri ambayo madaktari wake hawakosi karo ya watoto.

Namna ya kulipa nayo ina mchango wake. Uingereza ilipoanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, madaktari wa meno walilipwa kwa kila kazi: kila kiziba na bei yake, kila jino lililong'olewa na bei yake. Meno mengi ya Waingereza yalitobolewa miaka hiyo. Malalamiko yalizidi hadi ikaundwa kamati ya kuchunguza matibabu ya meno yasiyo ya lazima, na ripoti yake ya mwaka 1986 ilikiri kwamba yapo, ingawa wahusika ni wachache. Mfumo wa malipo Uingereza ulibadilishwa mwaka 2006, na huo mpya pia una lawama zake.

Hapa ni lazima tutende haki. Madaktari wawili waaminifu wanaweza kutofautiana juu ya jino moja. Kivuli kwenye eksirei kinaweza kusomwa kwa namna mbili. Aliyesoma zamani alifundishwa kutoboa mapema, na aliyesoma karibuni amefundishwa kungoja. Mwingine ana wasiwasi kwamba wewe hutarudi baada ya miezi sita, na kwa wagonjwa wetu wasiwasi huo una msingi, kwa hiyo anaona aheri azibe leo. Mambo hayo hayaitwi wizi. Ukipata maoni mawili yanayotofautiana jino moja au mawili, usikimbilie kumtukana mtu.

Lakini wezi wapo, na baadhi wamefikishwa mahakamani. Katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani kulikuwa na daktari aitwaye Scott Charmoli. Mwaka 2014 aliwavisha wagonjwa wake kofia 434 za meno. Mwaka uliofuata kofia hizo zilipita 1,000. Ilithibitishwa kwamba alikuwa akiyavunja meno mazima kwa mashine yake, kisha anayapiga picha na kuzipeleka kwa kampuni za bima kama ushahidi kwamba jino lilikuwa limevunjika. Aligunduliwa baada ya kuuza kliniki yake mwaka 2019, walionunua walipofungua mafaili na kustaajabia wingi wa kofia. Mwaka 2022 alifungwa miaka minne na nusu. Mwaka huo huo, mahakama ya Marseille nchini Ufaransa ilimhukumu daktari Lionel Guedj kifungo cha miaka minane. Yeye na baba yake waliharibu meno mazima ya mamia ya watu, wengi wao wakazi maskini wa vitongoji vya kaskazini mwa mji huo, ili wapate sababu ya kuwawekea meno ya bandia yaliyolipiwa na bima.

Angalia kwamba katika kesi zote mbili aliyelipa ni bima. Mgonjwa anapolipiwa na bima, haulizi sana.

Kadi ya bima na mkia wa mwaka

Tukirudi nyumbani, mjini siku hizi wafanyakazi wengi wana kadi ya bima kutoka kwa mwajiri, na mara nyingi meno yametengewa kiasi chake peke yake kwa mwaka. Kiasi hicho kisipotumika hakirudi kwako. Kliniki inajua hivyo, na wewe unajua. Basi inapofika mwisho wa mwaka wa bima, karani wa mapokezi anatazama salio kwenye kompyuta kabla daktari hajatazama mdomo. Ukiona idadi ya meno mabovu inalingana sawasawa na pesa zilizobaki kwenye kadi, shtuka.

Nina mgonjwa ambaye ni karani katika ofisi moja ya hapa mjini, mama wa watoto watatu, ninayemtibu shinikizo la damu. Alinijia akitaka barua ya kumwezesha kupigwa sindano za ganzi, kwa kuwa kliniki ya meno ilikuwa imemwambia ana meno tisa ya kuziba na gego moja la mwisho la kung'oa. Nikamuuliza yanauma lipi. Akasema hakuna. Alikuwa ameenda kusafishwa tu, kwa sababu kampuni iliwatumia ujumbe kwamba bima inakaribia kuisha. Nikamwambia, "Mama, barua nitakupa, lakini kwanza omba hizo picha za eksirei, uzipeleke kwa daktari wa meno wa hospitali ya umma, umwambie anachotakiwa ni kutazama tu." Huko alikuta meno mawili yaliyotoboka kweli, ambayo yalizibwa. Mengine saba yaliandikwa kwenye kadi yake kwamba yatazamwe baada ya miezi sita. Gego la mwisho liliachwa mahali pake.

Asiye na bima hukutana na shida ya upande wa pili. Huyo haambiwi habari ya kofia; huambiwa jino liko nje leo leo. Kung'oa ni kazi ya dakika chache na pesa zake zinapatikana papo hapo, ilhali kuokoa jino hilo kwa kutibu mzizi kungetaka safari mbili tatu na shilingi nyingi zaidi. Wakati mwingine kung'oa ndiko sahihi, na daktari anayemwambia mgonjwa ukweli juu ya mfuko wake hatendi kosa. Kosa ni kutomwambia kwamba jino lingeweza kuokolewa, akachagua mwenyewe. Usisahau pia wale wasio na ruhusa kabisa. Fundi wa meno ya bandia amefunzwa kutengeneza meno hayo, wala si kukuchoma sindano na kukung'oa jino katika chumba cha nyuma ya duka.

(Watoto nao hawakusalimika. Katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki bado wapo waganga wanaopasua fizi za mtoto mchanga anayehara na kuchimbua machipukizi ya meno, wakisema ni "meno ya plastiki" yanayoleta ugonjwa. Hakuna ugonjwa wa jina hilo. Mtoto anayehara anahitaji maji ya chumvi na sukari na kupelekwa hospitali.)

Mahali pa kuwa macho

Baadhi ya mapendekezo hurudiarudia, na ni vyema uyajue.

La kwanza ni magego ya mwisho, yale yanayoota ukubwani. Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, NICE, ilisema tangu mwaka 2000 kwamba gego la mwisho lililokwama lakini lisilo na ugonjwa lisiondolewe kwa tahadhari tu. Kama lina usaha, limeoza, linaharibu jirani yake au fizi inavimba mara kwa mara, hiyo ni habari nyingine. "Litakusumbua siku moja" haitoshi.

Kisha kuna vile viziba vya zamani vya rangi ya fedha. Utaambiwa vina zebaki, vinakutia sumu, vitolewe vyote na kuwekwa vyeupe. Ni kweli vina zebaki, na ulimwengu unapunguza matumizi yake chini ya Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, hasa kwa ajili ya mazingira. Lakini Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilieleza mwaka 2020 kwamba kiziba kilicho kizima kisitolewe bila sababu ya kitabibu, kwa kuwa kukitoa hukuletea mvuke wa zebaki zaidi kuliko kukiacha, tena hupoteza sehemu ya jino zima. Daktari mmoja wa meno wa Colorado, Hal Huggins, aliyekuwa akiwatoa watu viziba hivyo kwa madai kwamba vinaleta magonjwa makubwa ya mwili, alinyang'anywa leseni mwaka 1996.

Suala la fizi ni gumu zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 98 ya watu wazima nchini wana fizi zinazotoka damu, wakati wenye meno yaliyooza walikuwa kama theluthi moja. Maana yake ni kwamba karibu kila anayekalia kiti hicho anaweza kuambiwa, bila uongo, kwamba fizi zake zina kasoro. Lakini kwa wengi dawa yake ni kusafishwa kwa kawaida na kupiga mswaki vizuri. Kule kusafisha kwa kina, chini ya ufizi, kwa ganzi, robo ya kinywa kwa robo, na kwa bei yake, ni kwa mtu ambaye ufizi umeachana na jino. Hilo halikisiwi kwa macho. Hupimwa kwa kijiti chenye alama za milimita, jino baada ya jino, na kuandikwa. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida. Nne na kuendelea ni jambo la kuangaliwa. Ukiambiwa unahitaji kusafishwa kwa kina, omba uonyeshwe hizo nambari. Kama hazikuandikwa, hukupimwa.

Na ukaguzi wa kila miezi sita, tulioufanya kama sheria? Hakuna ajuaye vyema kwa nini ni sita. Mwongozo wa NICE wa mwaka 2004 unaruhusu mtu mzima mwenye kinywa kizuri akae hata miezi 24 kabla ya ukaguzi mwingine, na mwenye matatizo arudi baada ya mitatu. Muulize daktari wako kipi kinakufaa wewe.

Kwa meno ya mizizi, fahamu kwamba kuna vipimo. Daktari hugonga jino taratibu, huweka kitu baridi juu yake ili aone kama kiini bado ni hai, hutazama kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi katika eksirei. Jino lisilouma, linalosikia baridi kama majirani zake, na lisilo na kivuli chochote, lina sababu gani ya kutibiwa mzizi? Muulize hivyo hivyo, kwa adabu.

Maswali yenyewe hayahitaji elimu. "Daktari, nionyeshe." Wengi sasa wana kamera ndogo ya kinywani, na asiye nayo ana kioo na eksirei. "Kuoza kumefika wapi, kwenye enameli au kwenye dentini?" "Tukingoja miezi sita kutatokea nini?" Swali hili la mwisho ndilo ninalolipenda. Daktari mwaminifu ana jibu lake tayari, na mara nyingi jibu ni kwamba hakutatokea jambo kubwa, au kwamba tundu litafika kwenye kiini na gharama itapanda. Asiye mwaminifu hukasirika, au hukuambia kwamba bei hii ni ya leo tu. Jino si viatu vya mnadani.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu akueleze hali yako, njia mbalimbali za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama za kila moja, na haki yako ya kukataa, tena kwa lugha unayoielewa. Mkataba wa haki za wagonjwa wa mwaka 2013 unakupa haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Ukienda kwa huyo wa pili usimwambie wa kwanza alisema nini wala ni meno mangapi. Mpe picha, mwambie unataka ukaguzi tu, na kwamba hutatibiwa kwake siku hiyo. Mlipe ada yake ya kukutazama bila kunung'unika. Ni ndogo kuliko kiziba kimoja.

Kabla ya yote hakikisha kwamba aliyevaa koti jeupe ni daktari kweli. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya lina orodha ya walioidhinishwa ambayo raia yeyote anaweza kuitazama, na leseni hufanywa upya kila mwaka. Baraza hilo hilo hupokea malalamiko kwa maandishi, na lina uwezo wa kumwonya daktari, kumsimamisha au kumfuta katika orodha. Peleka risiti, picha za eksirei na maoni ya daktari wa pili. Malalamiko matupu ya "alinidanganya" hayafiki mbali. Kama bima ndiyo iliyolipa, iandikie bima pia. Na kila mara soma fomu ya bima kabla ya kuitia sahihi, uhesabu kama meno yaliyoandikwa ndiyo yaliyoguswa. Fomu iliyo tupu usiitie sahihi hata kama karani ana haraka.

Nina hofu moja ninapoandika haya, kwamba kuna msomaji mwenye jino bovu ambaye atayachukua kuwa ruhusa ya kukaa nyumbani. Mwaka jana kijana mmoja aliletwa kwangu usiku na kaka yake. Alikuwa ameambiwa na madaktari wawili kwamba gego lake la chini limeoza hadi ndani, akasema wote ni wezi, akawa anatuliza kwa vidonge vya dukani kwa wiki tatu. Alipofika kwangu uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya taya hadi shingoni, hawezi kufungua mdomo wala kumeza mate yake. Usaha wa jino ukifika hapo unaweza kuziba njia ya pumzi kwa saa chache. Alikaa hospitalini siku 11, akapasuliwa shingoni, akapona.

Kwa hiyo maoni ya daktari wa pili ni kwa jino lisilouma na lisilo na haraka. Uso ukivimba, ukapata homa, mdomo ukakataa kufunguka au ukashindwa kumeza, usizunguke na picha za eksirei mkononi. Nenda hospitali yoyote yenye huduma ya dharura, usiku huo huo.